Ziwa lilipofungwa nikahamia kwenye simu

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika. Nchi nne zinazolizunguka, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana ziwa lipumzike ili samaki wazaliane. Sisi wa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, habari tulizipata mapema na kila mtu akajipanga. Wengine walirudi mashambani, wengine wakafungua genge, wengine wakaingia kwenye mawese. Mimi ni mnunuzi na mwanikaji wa dagaa, kazi ninayoifanya kwa miaka 11 sasa. Niliweka akiba ya chakula, nikaweka ada ya binti yangu pembeni, nikalipa marejesho ya kikoba miezi miwili mbele. Kwa upande wa pesa nilijipanga vizuri. Kilichonishinda ni muda.

Anayeijua kazi ya mwaloni ataelewa. Siku yangu huanza saa 10 alfajiri, vipe, vyombo vyetu vya kuvulia dagaa, vinaporudi na taa zao. Unashindana bei, unabeba, unaanika, unageuza, unafukuza kunguru na paka, unaanua, unapepeta, unafunga magunia. Saa 2 usiku mwili hauna hamu ya kitu ila kitanda. Ghafla yote hayo yakaondoka kwa siku moja. Tarehe 16 Mei niliamka saa 10 alfajiri kama kawaida, nikaoga, nikavaa kanga yangu ya kazi, nikakaa kwenye kigoda mlangoni. Ziwa lilikuwa jeusi, hakuna taa hata moja. Nikachukua simu.

Simu janja nilikuwa nayo tangu 2021, kwa ajili ya WhatsApp na kupokea malipo ya wateja wa Dodoma na Morogoro. Mdogo wangu ndiye aliyeniwekea programu ya video fupi, zile za kusukuma juu kwa kidole. Jina la programu hiyo silitaji. Ziko nyingi za aina yake, na yaliyonipata mimi yanaweza kumpata mwenzangu kwenye nyingine yoyote.

Wiki mbili za kwanza nilifurahi kweli, sitaki kudanganya. Niliona harusi za Unguja, nikaona mama mmoja wa Kenya anavyokausha mboga, nikacheka mpaka machozi na vijana wanaoigiza wakwe. Nilijifunza kufunga mifuko ya dagaa ya robo kilo kwa pasi na karatasi, jambo ambalo linaniingizia pesa hadi leo. Kwa hiyo anayesema mle ndani hamna kitu, simuungi mkono. Kitu kimo. Tatizo langu lilikuwa kwamba nilikuwa siwezi tena kutoka.

Siku niliyoshtuka mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa Mei. Nalea mtoto wa mdogo wangu, wakati ule alikuwa na miaka 6. Alirudi shule mchana, nikampa kipande cha muhogo, nikamwambia nisubiri kidogo nisonge ugali. Nilikuwa nimejilaza ubavu kwenye mkeka, simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Nilipoinua kichwa, chumba kilikuwa giza. Sikuwa nimewasha taa, sikuwa nimebandika maji. Mtoto alikuwa amelala miguuni kwangu na sare yake, kiatu kimoja mguuni, kingine amekikumbatia. Kile kipande cha muhogo kilikuwa mkononi, kimeumwa mara mbili. Hakuwa amelia wala kuniita. Baadaye aliniambia aliniita, mimi ndiye sikusikia.

Nilimwamsha, nikampikia, akala huku anasinzia. Usiku ule nililia. Na nataka niseme na hili pia: baada ya kulia, nilichukua simu nitafute kitu cha kunichangamsha.

Suala la pesa nalo. Watu wengi tunanunua bando kidogo kidogo, 500 leo, 1,000 kesho, na kwa sababu ni kidogo kidogo hatuioni. Mwezi wa Agosti nilikaa na daftari nikafungua ujumbe wote wa malipo kwenye simu, mmoja mmoja, nikajumlisha Juni na Julai. Ilikuja shilingi 118,500. Miezi miwili, mtu asiye na kazi. Kabla ya ziwa kufungwa nilikuwa natumia kama 15,000 kwa mwezi. Kati ya hizo 118,500, mara 9 nilikopa bando kwa mtandao wa simu, na mkopo ule una makato yake. Kama hujawahi kufanya hesabu hii, ianze leo kabla ya kusoma ushauri mwingine wowote. Hakuna aliyenishawishi kama lile daftari.

Kuna jambo la bando ambalo sijaona watu wakilisema. Nilikuwa nanunua bando la saa 24. Bando la namna hiyo linakufanya ukimbizane nalo. Saa 4 usiku naona nimebakiwa na MB 300, zitakwisha muda wake kesho saa 3 asubuhi, nafsi inaniambia ni hasara kuziacha. Basi nakesha nazimaliza. Asubuhi nanunua jingine. Nilikuwa natazama video nisizozitaka ili MB zisipotee, kama mtu anayekula ugali uliochacha kwa kuwa ameshaununua unga.

Sasa nije kwenye lililoniumiza zaidi, kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kuelewa mashine inavyofanya kazi.

Dada yangu aliwahi kupasuliwa uvimbe kwenye kizazi. Siku moja katikati ya Juni ikaja video ya mwanamke anaeleza alivyougua uvimbe kama ule. Nilisimama nikaisikiliza mpaka mwisho, nikairudia, nikamtumia dada. Kesho yake zilikuja tatu. Keshokutwa sikuzihesabu. Ikawa uvimbe, saratani, figo, watoto wenye vichwa vikubwa, akina mama wanalia wodini, watu wanaomba michango. Katikati yao wakaingia wauzaji wa dawa za unga, kila mmoja ana orodha ya dalili: ukiumwa kiuno, ukichoka bila sababu, ukikosa usingizi. Mimi nilikuwa silali kwa ajili ya simu, kiuno kinauma kwa kulala ubavu kwenye mkeka siku nzima. Dalili zote nilikuwa nazo.

Niliamini naumwa. Nilituma 65,000 kwa muuzaji mmoja, dawa ikaja na basi kwenye kopo lisilo na jina la kiwanda wala tarehe. Nilikunywa siku 5, tumbo likaniendesha mpaka nikashindwa kusimama. Nikaenda hospitali, nikapigwa picha ya utrasaundi, nikaambiwa kizazi hakina tatizo lolote. Daktari aliniuliza nalala saa ngapi. Nikamwambia saa 8 usiku, saa 9. Akaandika maumivu ya mgongo, akaniambia nipumzike. Jumla, pamoja na nauli na vipimo, ilinitoka 112,000. Kwa hiyo nasihi: dalili ulizozijua kupitia video, zipeleke kwanza kwa mtu wa afya anayeweza kukugusa na kukupima. Hela usitume kabla ya hapo.

Binti yangu alikuwa amerudi kutoka bweni kwa likizo ya Juni. Wakati ule alikuwa kidato cha tatu. Jioni moja simu yake mwenyewe, ya batani, ilikuwa haina chaji, akaomba yangu. Alisukuma video kama 10 hivi, akanyamaza, akanirudishia. Akasema, "Mama, simu yako ina msiba."

Nikamwambia ndivyo dunia ilivyo, watu wanaumwa. Akasema, "Ya mama mdogo ina misuko na harusi tu. Dunia ni hii hii." Sikuwa na jibu.

Tukafanya jaribio, wazo lilikuwa lake. Kwa siku 3, video yoyote ya ugonjwa tunaisukuma haraka kabla haijafika sekunde 2. Video yoyote ya kushona tunaitazama mpaka mwisho hata kama haituvutii. Siku ya kwanza hakukuwa na tofauti kubwa. Siku ya pili, mchana, zikaanza kuja magauni, vipimo vya kola, cherehani. Siku ya tatu ungedhani simu ni ya fundi nguo. Mimi kushona sijui, na cherehani sina. Hapo nikajua kwamba kile kitu hakinifahamu kama nilivyodhani. Kilikuwa kinaniangalia nimesimama wapi.

Jambo hilo nilimweleza baba mdogo, mvuvi wa zamani anayekaa Katonga. Alikuwa anashona wavu kivulini, maana hata yeye alikuwa hana kazi. Hakucheka. Aliniuliza, "Unafikiri sisi tunajua dagaa anapenda nini?" Nikamwambia anapenda mwanga. Akasema hapana, hatujui. Zamani tulikuwa na karabai, siku hizi taa za sola. Tunawasha, vidudu vidogo vya majini vinakuja, dagaa wanafuata vidudu, mgebuka anamfuata dagaa. Mvuvi anachokifanya ni kusubiri na kuangalia. Wakikaa chini ya taa, anaiacha. Wakitawanyika, anaisogeza, anaipunguza, anajaribu tena. "Kama dagaa anafurahi au anaogopa, mwanangu, mimi sijui. Ninachojua amekaa." Kisha akavuta uzi, akaendelea na wavu wake.

Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi. Video za msiba sikuzipenda. Zilikuwa zinanitia hofu, na hofu ilinifanya nisimame. Kwa mashine, kusimama ni kusimama. Anayesimama kwa furaha, anayesimama kwa hasira, anayesimama kwa kuwa amesinzia simu ikiwa inajirudia, wote hesabu yao inaingia daftari moja.

Pale Mwanga kuna kijana fundi simu ninayemwamini, nikaenda kumuuliza mashine hii inaitwaje. Akasema algorithimu, hesabu za kompyuta zinazopanga nini kije mbele ya nani. Alinisomea mambo, na baadaye binti alinitafutia mengine. Kwamba mwaka 2012 YouTube waliacha kupendekeza video kwa kuangalia zaidi imebofywa mara ngapi, wakaanza kuupa uzito muda ambao watu wanautumia kutazama. Kwamba mwaka 2020 TikTok walieleza kwa maandishi jinsi wanavyochagua video za kumwekea mtu, na moja ya dalili walizosema zina uzito ni kama umetazama video ndefu mpaka mwisho. Lugha na nchi uliyoweka kwenye simu zinahesabika pia, ila kwa uzito mdogo. Tena walisema wingi wa wafuasi wa aliyeitengeneza si kigezo cha moja kwa moja, ndiyo maana mtu wa kawaida kabisa anaweza kukutokea katikati ya mastaa.

Lililonishangaza zaidi ni la ukurasa usio na mwisho. Zamani kurasa za mtandaoni zilikuwa na chini, unafika unabofya ili uendelee. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja mbunifu, Aza Raskin, alitengeneza namna ya kufanya mambo yaendelee kuja yenyewe kila unaposhuka. Miaka mingi baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Na mkuu wakati huo wa Netflix, kampuni ya filamu za mtandaoni, Reed Hastings, mwaka 2017 alisema kwamba wanashindana na usingizi. Nilipoyasikia hayo nilitulia moyoni kidogo. Nilikuwa nimejiona mwanamke dhaifu, mvivu, mama mbaya. Nikaona kumbe nilikuwa na uzembe wangu, ndiyo, lakini upande wa pili kuna watu wasomi wanaolipwa kuhakikisha sikuti mahali pa kuishia. Mkeka una ukingo. Kikombe cha chai kina chini. Kile hakina.

Ningependa kusema kwamba baada ya kuelewa niliacha. Haikuwa hivyo. Programu niliifuta mara mbili Julai, na mara zote mbili niliirudisha ndani ya siku 4. Kujua taa imewekwa na mvuvi hakukunitoa chini ya taa.

Ziwa likafunguliwa Agosti. Dagaa walikuwa wengi, wanene, mwalo ukachangamka, nikadhani kazi itaniponya. Ilinisaidia mpaka Oktoba. Mvua zilipoanza, nikarudia.

Novemba siku moja nilinunua ndoo 6 za dagaa wabichi, kila moja 60,000. Asubuhi jua lilikuwa kali. Nikawaanika kwenye vichanja, nikawagawa vizuri wasibebane, wasaidizi wangu wawili nikawaruhusu waende wakale, turubai nikaziweka chini ya kichanja cha kwanza. Kufika saa 7 dagaa walikuwa wamefikia ile hali tunayoijua sisi: ngozi imeshika, ukimkunja anapinda lakini havunjiki, ndani bado ana maji. Ni hali ya hatari. Mbichi kabisa akinyeshewa unaweza kumsuuza ukamwanika upya. Aliyekauka kabisa unamwanua haraka. Huyu wa katikati akilowa, tumbo linapasuka na harufu inaingia.

Nikakaa kwenye kivuli cha mwembe nikafungua simu, nikisema nipumzishe mgongo kwa dakika 10. Nilikuwa nafuatilia kisa cha ndoa ya watu fulani, kimekatwa vipande 14, na kila kipande kinaishia pale unapotaka kujua. Nilikuwa kipande cha 9. Wingu lilitokea nyuma ya kilima mgongoni kwangu. Upepo ulipita, nikauhisi miguuni, nikavuta kanga. Jirani yangu wa kichanja cha pili aliita. Nilimjibu "naam" bila kuinua macho, yeye akadhani nimeona. Tone la kwanza lilipoangukia kioo cha simu, nililifuta kwa kidole gumba. Nalikumbuka tone lile vizuri, lilivyokuza herufi moja ya maandishi yaliyokuwa chini ya video. Nililifuta nikaendelea. La pili na la tatu ndiyo nikainuka.

Turubai moja niliiwahi. Nyingine upepo uliichukua. Mvua haikuzidi dakika 20, kisha jua likawaka tena kali kama hakuna kilichotokea. Kesho yake dagaa wa ndoo 4 walikuwa weusi, vichwa vinachomoka ukiwagusa. Nikawauza kwa mfugaji wa kuku kwa 70,000 wote. Waliobaki nikawauza kwa bei ya kawaida, nikapata kidogo. Kwa zile ndoo 4 peke yake hasara ilikuwa 170,000, bado sijawalipa wasaidizi, bado mzigo wa mteja wa Dodoma aliyekuwa ameshatanguliza nusu ya pesa. Nilimpigia nikamwambia ukweli kwamba mvua ilininyeshea. Kwamba nilikuwa nimekaa hatua 15 kutoka kichanja, sikumwambia. Naliandika hapa kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo nimejaribu mambo mengi, na nitasema yaliyonifaa na yasiyonifaa, kwa sababu ushauri wa jumla jumla wa kusema "punguza simu" haukunisaidia hata siku moja.

Kwanza niliangalia kipimo. Kwenye simu nyingi za Android, ndani ya mipangilio, kuna sehemu ambayo kwa Kiingereza inaitwa Digital Wellbeing. Inakuonyesha umekaa kwenye programu gani muda gani, na umefungua simu mara ngapi. Yangu ilionyesha saa 5 na dakika 40 kwa siku. Unaweza pia kuiwekea programu kikomo ikafika muda ikajifunga. Mimi nilijiwekea dakika 45, lakini kwa kuwa kufuli nalijua mwenyewe nililifungua kila siku. Nikamwachia binti afanye: aliweka, akarudi shule, nikaifungua tena. Kuna watu linawafaa, mimi halikunifaa. Kuigeuza simu iwe nyeusi na nyeupe nako nilijaribu, nikaacha, kwa sababu rangi ya dagaa ni biashara kwangu na mteja akinitumia picha nahitaji kuiona.

Lililofaa ni kuzima arifa zote isipokuwa simu zinazopigwa, ujumbe wa kawaida na WhatsApp. Hilo fanya leo, halikugharimu kitu. Nusu ya safari zangu za kuingia mle ndani zilianzia kwenye mlio.

La pili ni YouTube. Nilizima historia ya video nilizotazama na kuifuta ya zamani. Tangu 2023, ukifanya hivyo na huna historia, ukurasa wa mwanzo unabaki mtupu, hauletewi mapendekezo. Ukitaka kitu unakiandika mwenyewe. Sasa nikitaka mawaidha au taarabu naandika, nasikiliza, nikimaliza pale mbele pana weupe. Ule weupe umenisaidia kuliko vikomo vyote. Kwenye video fupi, bonyeza ile video kwa muda kisha chagua kwamba haikuvutii, na kama programu yako ina sehemu ya kuanza upya mapendekezo, itumie. TikTok waliiweka 2023. Wakati ule wa video za msiba ningekuwa nayajua haya, ningeokoa 112,000.

Bando nimebadilisha. Nanunua la wiki, dogo, siku ya Jumatatu, na likiisha Alhamisi nakaa hivyo hivyo mpaka Jumatatu. WhatsApp ya biashara inahitaji kidogo sana. Sikopi tena bando, na namba ya kukopea nimeifuta kwenye simu.

Na kazini simu inakaa kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, nyumbani kwa jirani, yule yule aliyeniita siku ile. Mteja akipiga, anapokea yeye au mwanawe anakimbia kuniletea. Nilimweleza kwa nini nataka hivyo. Kulisema kwa mdomo mbele ya mtu kulinipa aibu, na naamini aibu ile ndiyo inayonishikilia. Kufuli la kwenye simu halijanitia aibu hata mara moja.

Jambo ambalo sikulitarajia ni jioni. Nilipoiondoa simu saa za jioni, nilibaki na shimo. Nilitoka nje kibarazani nikitegemea kukuta watu kama zamani, wakati mama alipokuwa hai na sisi tukichambua mise, kokwa za michikichi, huku redio ya mkulima ikiimba kwa jirani. Nilikuta majirani wanne, kila mmoja uso wake una mwanga wa bluu. Salamu walijibu vizuri. Nikakaa nao robo saa, nikarudi ndani, na siku ile nikashindwa, nikaifungua programu saa 3 nzima. Kwa hiyo nakwambia wewe unayetaka kupunguza: usianze kwa kuondoa. Tafuta kwanza mahali pa kwenda na mtu wa kukaa naye. Mimi niliwaomba wanawake wawili wa kikoba chetu tuwe tunachambua dagaa pamoja usiku, saa 1 hadi saa 3, nyumba kwa nyumba, na redio. Wa kwanza alikataa, alikuwa na tamthilia yake. Nikampata mwingine. Mazungumzo wiki ya kwanza yalikuwa magumu kweli, tulikuwa tumesahau kunyamaza pamoja bila kuona ubaya. Wiki ya tatu mmoja alianza kutusimulia safari aliyosafiri kwa meli ya MV Liemba akiwa mdogo, mama yake akiuza migebuka kwa abiria usiku kupitia mitumbwi, tukasahau muda.

Niongeze moja kwa wenzangu wafanyabiashara. Nilipeleka video yangu mwenyewe mtandaoni, dagaa wakiwa kwenye kichanja jua linazama. Ilitazamwa mara 38,000. Nilikaa siku mbili naihesabu, sikuenda hata sokoni. Wateja waliotokana nayo ni sifuri. Walioandika wengi wao walisifia ziwa. Mwezi huo huo, picha niliyoweka kwenye status ya WhatsApp, iliyoonwa na watu 61, iliuza magunia 3. Usimwache mteja unayemjua kwa ajili ya namba inayopanda.

Wiki iliyopita kipimo kilionyesha saa 1 na dakika 50 kwa siku. Jumapili kilipanda mpaka saa 4, mvua ilinyesha tangu asubuhi na mtoto alikuwa amekwenda kwa mama yake. Jumatatu nilimweleza jirani, akasema "pole," akachukua kopo.

Leo nimenunua ndoo 3. Wamegeuzwa mara mbili, upande wa kilima kuna wingu dogo, na yule mtoto yuko hapa karibu yangu, amekaa juu ya turubai lililokunjwa. Nimemwambia kazi yake ni kuliangalia lile wingu. Amelikazia macho, kila baada ya muda ananiambia bado.